Nilivyojifunza kuimba opera Nairobi bila kipaza sauti

Miaka tisa niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu huku Eastlands, na miaka yote hiyo kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Nilipompata mwalimu wa opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa na okestra, alinisimamisha pembeni kabisa mwa chumba. "Binti, huku hakuna spika. Okestra itapiga, na sauti yako ipite juu yake."

Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote. Koo liliniuma siku mbili.

Aria ya kwanza aliyonipa, yaani wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera, ni O mio babbino caro ya Lauretta, katika opera Gianni Schicchi ya Puccini, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1918. Msichana anambembeleza baba yake amruhusu kuolewa na ampendaye, la sivyo atajitupa mto Arno. Wanakwaya wengi wa Kenya tumelelewa na solfa, kwa hiyo niliiandika yote kwa d, r, m daftarini, ndipo nikaanza kuisoma kwenye mistari mitano ya noti. Ina mahali sauti inaruka oktava nzima, do hadi do, na huko juu hutakiwi kupiga kelele. Unabembeleza.

Kilichonifungulia njia ni Kiswahili. Kiitaliano nilikitamka kwa mdomo wa Kiingereza cha shuleni, neno caro likitoka "karou". Mwalimu akaniuliza, "Pesa za shule mnaziitaje?" Karo, nikajibu. "Basi imba hivyo hivyo." Wiki nzima niliimba karo. Irabu zetu hazipindi njiani. Unaifungua a na inabaki a mpaka pumzi iishe, na hapo ndipo sauti inaposafiri. Nasikitika kwamba tunaambiwa muziki huu uko mbali nasi, ilhali nusu ya kazi tunazaliwa nayo. Kilichonisumbua ni konsonanti pacha, bb na ll, katika maneno ya wimbo huo babbino (baba) na bello (mzuri), maana sisi hatuna. Hizo nilizikariri nikiosha vyombo.

Pa kufanyia mazoezi palikuwa shida. Chumba changu kimepakana na vingine pande mbili, na kuna watoto wachanga. Kanisa likakubali nije Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mikutano. Nilimwomba bawabu akae benchi la mwisho. Mwezi wa kwanza alisema, "Sauti naipata, maneno siyapati." Nikashusha pumzi chini zaidi, nikaacha mbavu zifunguke, nikalegeza taya. Miezi ikapita. Asubuhi moja akasimama na kuniuliza, "Dada, huyo Bello ni nani?"

Nilikaa kwenye ngazi za madhabahu nikalia.

Tangu hapo nimeimba peke yangu kwenye arusi kadhaa, nikalipwa, na pesa hizo ndizo zinazomlipa mpiga kinanda. Nikichoka namkumbuka Pretty Yende wa Afrika Kusini, ambaye opera ilimvuta kupitia tangazo la televisheni akiwa na miaka 16, na mwaka 2013 akaimba Metropolitan Opera, jumba la opera la New York.

Sasa najifunza nafasi ya Pamina katika The Magic Flute, opera ya Mozart ya mwaka 1791 iliyoandikwa kwa Kijerumani. Kijerumani kinafunga silabi nyingi kwa konsonanti: ich, fühl's, verschwunden. Jumamosi iliyopita bawabu alisema anapata sauti tu. Jumamosi hii narudi.