Bila zaka wala kitubio, nani atakuhesabia?

Mtu akiacha dini, maadili hayamtoki siku hiyo hiyo. Ambaye jana hakuwa mwizi haamki leo akaiba. Kinachomtoka kwanza ni ratiba, na pengo lake huonekana polepole.

Chukua utoaji. Mwislamu ambaye akiba yake imefika nisabu (kiwango cha chini cha kutolea zaka), kwa hesabu ya wengi thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikatimiza mwaka wa Hijria, anajua anadaiwa zaka ya asilimia 2.5. Makanisa mengi yanafundisha fungu la kumi. Aliyetoka huko husema, "Nitatoa moyo ukinigusa." Sasa moyo huguswa na picha ya mtoto mgonjwa iliyosambazwa kwenye simu, karo ya mtoto wa jirani, inayodaiwa kila muhula bila picha, haimgusi mtu. Dawa yake ni ya kihasibu. Chagua asilimia, chagua na siku. Anayepata shilingi 800,000 kwa mwezi akiamua asilimia 3, atenge 24,000 siku ya mshahara, kabla ya matumizi mengine, ziende kwenye laini au akaunti ya peke yake. Theluthi mbili ziwe za mahitaji yanayojulikana mapema, zilizobaki za misiba na dharura. Ukianza na asilimia 10 kwa hamasa, mwezi wa kodi ya nyumba utaivunja nia yote, na nia ikishavunjika ni kazi kuiunga.

Makosa nayo ni hivyo hivyo. Mkatoliki ana kitubio, huungama kwa padri na kupewa malipizi. Mwislamu aliyevunja kiapo ana kafara: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asipoweza, afunge siku 3. Tazama kilichomo humo: kosa lina jina, malipo yana kiasi, na shughuli ina mwisho. Asiye na dini hukosa huo mwisho. Ama anajisamehe papo hapo, ama anajitafuna miaka.

Basi ajitengenezee utaratibu. Alitaje kosa kwa aliyekosewa, na asianze na "kama". "Kama nilikukwaza, samahani" si kuomba radhi, ni kumbebesha mwenzako kazi ya kuthibitisha. Kisha arudishe kilichopotea, chote. Ulichelewesha deni la 50,000 kwa miezi sita, naye akakopa kwa riba kuziba pengo? Riba ile ni yako. Kisha aondoe kilicholeta kosa, mfano aache kuahidi tarehe asizozimudu. Baada ya hapo afunge hesabu. Waislamu wenyewe wanafundisha kwamba haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzako, haifutiki kwa toba peke yake mpaka mwenye haki arudishiwe au asamehe, kwa hiyo hatua ya kurudisha haina mkato kwa yeyote.

Sasa tuje kwenye kutojua, maana hapa ndipo wengi wetu tulioacha dini tunapojidanganya. Protagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema hawezi kujua kama miungu ipo: jambo lenyewe gizani, na maisha mafupi. Thomas Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, aliutungia msimamo wa namna hiyo jina mwaka 1869, uagnostiki. Lakini kusema "sijui" juu ya Mungu ni rahisi. Mtu huyo huyo aliyekataa miujiza kwa kukosa ushahidi, 20,000 zikipotea mezani, kabla ya chakula cha jioni ameshajua kwa hakika kwamba dada wa kazi ndiye aliyeiba.

Ili kuupima uhakika wa namna hiyo, nunua daftari la madai yako. Safu ya kwanza tarehe, ya pili dai, ya tatu asilimia ya uhakika wako, ya nne siku ya kulikagua dai. Namna ya kujipa alama aliipendekeza mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, mwaka 1950, kwa ajili ya kupima utabiri. Geuza asilimia iwe desimali, toa matokeo (1 kama ilikuwa kweli, 0 kama haikuwa), zidisha jibu kwa lenyewe. Ulisema una uhakika wa asilimia 90 kwamba dada kaiba, kumbe hela zilikuwa kwenye koti: 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Ungesema 60, ungepata 0.36. Anayesema 50 kila mara hupata 0.25 daima, na alama ndogo ndiyo nzuri. Wastani wako ukizidi 0.25, uhakika wako unakupoteza kuliko kurusha shilingi. Baada ya madai 30 hivi, angalia yale uliyoyapa 80: katika kila 10, karibu 8 yawe yametimia.

Daftari huharibiwa na mambo mawili. Moja ni madai yasiyokaguliwa, kama "atakuja kujuta". La pili ni kuandika baada ya kujua jibu. Ongeza safu ya tano: hatua hii inarudishika? Kumfukuza mtu, au kulitaja jina lake kwenye kundi la WhatsApp, hakurudishiki. Huko asilimia 70 haitoshi hata kidogo.

Daftari halitakwambia cha kuthamini. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alishaonya mwaka 1740 kwamba watu huruka kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyopasa" bila kueleza walivukaje. "Mtoto asipochapwa ataharibika" lina dai la kukagua na hukumu ya kutetea, zitenganishe. Kwa hukumu, mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alionyesha kuwa maadili ya Waakan, watu wa huko kwao, yamesimama juu ya maslahi ya binadamu, si amri ya Mungu. Sisi nasi tuna neno utu, na ahadi za mwana-TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, zilisema "Cheo ni dhamana" na "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko" bila kumtaja Mungu, zikatamkwa na Waislamu na Wakristo pamoja.

Kinachobaki ni shahidi. Kila miezi mitatu mpe mtu mmoja daftari alisome mbele yako. Akiwa muumini ni bora zaidi, kwa sababu hajazoea visingizio vyetu. Chakula cha siku hiyo ni juu yako, na usikitoe kwenye zile 24,000.