Pemba, Baada ya Eda

Wanawake wengi huiogopa eda. Mimi nilikuja kuogopa zaidi siku zilizoifuata. Ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo Quran imemwekea mjane katika Suratul Baqara, nyumba yangu ya Unguja haikukaukiwa na wageni. Mawifi walilala kwangu kwa zamu, majirani waliingia bila kubisha hodi wameshika vyungu vya moto, na kila usiku wa kuamkia Ijumaa ilisomwa Yasini. Siku nilipotoka eda nilivaa nguo mpya, watu wakala, wakaniombea dua, wakaenda zao. Kuanzia hapo kila mtu alijua nimeshapoa. Kodi ya chumba changu cha ushoni ilikuwa imelimbikizana, ada ya mwanangu mkubwa ilikuwa inangoja, na usingizi ulikuwa umenihama. Sala zangu tano sikuziacha, lakini nikishatoa salamu sikumbuki nimesoma sura gani.

Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa kijiji kimoja upande wa Wesha, magharibi ya Chake Chake. Alinipigia simu usiku. Hakuniambia nije nipumzike, wala nije nisahau. "Mwanangu," alisema, "karafuu zimeiva na mikono huku haitoshi. Njoo unisaidie." Watoto niliwaacha kwa mama. Mdogo wangu wa kiume akafunga safari pamoja nami, maana yeye ameanza kukwea mikarafuu tangu udogo wake na msimu ukifika hatulii mjini.

Tulipanda boti bandarini Malindi, hapo Unguja mjini, asubuhi. Mpaka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, safari ni nyepesi: watu wanazungumza, watoto wanakula biskuti, vijana wanaangalia simu zao. Ukishaipita Nungwi, Unguja haikukingi tena. Boti ilianza kupanda na kushuka, mhudumu akapita akigawa mifuko ya kutapikia. Kina mama waliokaa mbele yangu walinyamaza mmoja baada ya mwengine, midomo ikawa inatembea tu. Bibi mmoja alisoma kwa sauti maneno ya Nabii Nuhu alipowapandisha watu wake safinani: Bismillahi majraha wa mursaha, kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwe kwenda kwake na kutia nanga kwake. Nikaitikia naye, na wa nyuma yangu akaitikia.

Mpemba hahitaji kuelezwa kwa nini watu hunyamaza pale. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika bahari hiyo. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na watu wengi hawajaonekana mpaka leo. Mtoto wa tatu wa shangazi ni katika hao wasioonekana. Jambo hili nilikuwa nalijua miaka yote, na hitima yake nilihudhuria, lakini sikuwahi kukaa nalo. Mume wangu nilimuona amevishwa sanda. Najua amelazwa wapi. Shangazi hana hata hicho, na yeye ndiye aliyeniita.

Ukishuka Mkoani, bandari ya Pemba, barabara inaanza kupanda papo hapo. Unguja sehemu kubwa ni tambarare. Pemba ni kilima na bonde, kilima na bonde, mpunga chini na mikarafuu juu. Mdogo wangu kila tukipita njia hii hakosi kuhadithia kimbunga cha mwaka 1872, kilivyoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, ndiyo maana karafuu ya Zanzibar imekuwa karafuu ya Pemba mpaka leo. Siku ile nilimsikia kwa sikio moja. Mbele ya nyumba, kila tulipopita, majamvi yalikuwa yametandikwa na karafuu zimeanikwa, nyengine bado nyekundu, nyengine zimeshageuka kahawia, na harufu yake ikaingia ndani ya daladala.

Mjane aliye edani hajitii manukato. Udi, asmini na marashi nilivifungia kabatini tangu siku ya msiba, na hata nilipotoka eda sikuwa na hamu ya kuvifungua. Sasa harufu ile ya karafuu ilikamata kwenye mtandio wangu bila ya mimi kuomba. Niliusogeza mtandio puani, nikalia mpaka Chake. Kijana niliyekaa naye aligeuza uso dirishani akaniachia nafasi yangu, Mungu amlipe.

Shangazi alinipokea kwa kunishika mabega na kunitazama usoni kwa muda mrefu. "Umekonda," alisema. Akanipa muhogo wa nazi na samaki, akanipeleka kusali, na baada ya isha akanionyesha pa kukaa kwenye jamvi. Hakukuwa na kikao cha kunipa pole. Kulikuwa na lundo la karafuu mbichi lililofika magotini, na wanawake sita saba wamelizunguka.

Karafuu huchumwa kishada kizima, na kuchambua ni kuzitenganisha na makonyo yake. Unashika kishada mkono mmoja, unakiminyia kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha kidogo. Karafuu zinakatika na kuanguka upande huu, konyo unaliweka upande ule. Makonyo nayo ni mali, hukamuliwa mafuta. Mwanzo vidole haviskii kitu. Baadaye vinaanza kunata, ngozi inageuka rangi ya udongo, na ukijisahau ukafikicha jicho utajuta. Wenzangu walikuwa wanamaliza vishada vitatu mimi nikihangaika na kimoja, na hakuna aliyenicheka.

Ndani ya kazi hiyo shangazi ana uradi wake. Hautangazi. Huuanza chinichini, na wanaotaka humfuata: La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu mina dhalimina. Ndiyo dua ya Nabii Yunus, aliyoiomba akiwa katika giza la usiku, giza la bahari na giza la tumbo la samaki. Kishada kimoja, dua moja. Konyo likienda upande wake, pumzi inatoka, mkono unakwenda kwenye kishada chengine.

Usiku wa kwanza akili yangu ilikimbilia kodi ya chumba, ikaenda kwenye ada, ikarudi hospitali kwenye kile kitanda cha mwisho. Kila ilipokwenda, mkono ulikuwa bado na kishada, na wenzangu wameshafika mwanzo wa dua, basi nikarudi. Ikakimbia tena, nikarudi tena. Nimekaa kwenye darsa nyingi zinazoeleza utulivu wa moyo ndani ya ibada, na aya ya Suratul Raad naijua kwa ghibu, kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu ndipo nyoyo hutulia. Lakini sikuwahi kuambiwa kuwa mtu aliyevurugika anahitaji kitu cha kushika mkononi na watu wa kukaa nao wakati anakumbuka. Tunamwambia mfiwa "subiri" kisha tunamuacha peke yake na subira yake. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu ndivyo tunavyofanya, na watu wema kabisa ndio wanaofanya hivyo. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Nilimuuliza tukiwa wawili tunaosha vyombo, "Shangazi, wewe uliwezaje?"

"Nani kakwambia nimeweza?" Alisimamisha mkono ndani ya maji. "Miye mpaka leo boti ikichelewa moyo unanienda mbio. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele za watu. Alisema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu. Basi miye nani hata nisilie? Nalia. Kisha nautafuta uradi wangu."

Alinihadithia kuwa katika mwaka wa kwanza alikuwa akienda ufukweni kila alasiri kutazama maji, na mumewe alikuwa akimfuata nyuma bila kusema kitu. Sheikh wao wa kijiji hakumkataza. Alimwambia aende, ila asiende mikono mitupu: achukue tasbihi, na akishamaliza arudi nyumbani, kuna watu wanamngoja ili wale. Ikawa hivyo. Tasbihi ikiisha, anarudi. Ufukweni ameacha kwenda siku nyingi sasa, tasbihi hajaiacha.

Siku moja mvua ilitushukia ghafla mchana, karafuu za siku mbili zote ziko nje. Karafuu ikirowa inaharibika, na inahitaji siku tatu nne za jua kali mpaka iwe kavu ya kuuzika. Kijiji kizima kilikuwa kinakimbia. Tuliyakunja majamvi kwa pembe, watoto wakabeba ungo, mzee mmoja jirani aliacha zake akaja kutusaidia kuanua. Tulipokwisha kuziingiza ukumbini nilikuwa nimerowa mpaka kwenye mifupa, nahema, na niligundua nacheka pamoja na wengine. Kicheko kilinishtua. Shangazi aliona uso wangu ulivyobadilika, akanirushia kanga kavu. "Cheka, mwanangu. Marehemu hadhuriki."

Mdogo wangu alipopata nafasi alinichukua kwenda kisiwa cha Misali, kwa mashua ya mvuvi anayejuana naye hapo Wesha. Ni kama kilomita kumi kwenda magharibi. Wavuvi wa Pemba wanahadithia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akataka msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akawaambia kisiwa chenyewe kitatosha kuwa msala wake, akasali juu ya mchanga, na jina la kisiwa likatokana na hapo. Kutoka Pemba kibla ni kaskazini sawasawa, maana Makka imekaa karibu juu yetu kabisa kwenye ramani, na ncha ya kisiwa inaelekea huko.

Misali imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1998, na ukiangalia maji yake unaelewa kwa nini watu waliipigania. Matumbawe unayaona kutoka juu ya mashua, na samaki wa kila rangi wanapita bila haraka. Mvuvi wetu alituambia kwamba mabwana wa hifadhi walipokuja na sheria zao watu hawakuwasikiliza sana. Waliposimama mashekhe wakaeleza kwa Quran kwamba binadamu amepewa ardhi na bahari kwa amana, na kwamba baruti inayoua mpaka vifaranga vya samaki ni uharibifu, ndipo maneno yakaingia. Alisoma mwenyewe ile aya ya Suratul Rahman, kuwa mbingu Mwenyezi Mungu ameziinua na akaweka mizani, ili tusidhulumu katika mizani. Alikuwa ameshika kasia, anatazama mbele, anasoma kwa sauti ya mtu anayesema jambo la nyumbani kwake.

Adhuhuri iliingia tukiwa pale. Tulitia udhu, mdogo wangu na mvuvi wakasimama mbele, mimi nyuma yao. Hatukuwa na msala. Nilisujudu mchanga ukanishika kipajini, wa moto kidogo na wenye punje za chaza zilizosagika, na nilisikia kila neno nililolisoma, kuanzia Alhamdu mpaka salamu. Sina maneno mengine ya kulielezea hilo. Nilibaki nimekaa pale mpaka wanaume walipomaliza kula.

Madeni hayakupungua kwa safari ile, na sitaki mtu anisome akadhani nimepata dawa ya kumaliza huzuni. Shangazi mwenyewe, kabla sijaondoka, alinipima kwa macho akanitaka niahidi kuwa nikifika mjini nitakwenda hospitali nikapimwe presha, na nimweleze daktari habari ya usingizi bila kuficha. Nilikwenda. Nilipewa dawa na nikapangiwa siku ya kurudi kuzungumza. Wapo wanaoona kumuendea daktari kwa mambo ya moyo na akili ni upungufu wa imani. Shangazi, ambaye sijamuona akikosa sala ya usiku, haoni hivyo, na mimi namfuata yeye. Na mwenye nyumba nilimkabili. Amenikubalia nilipe deni kidogokidogo mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa baada ya magharibi nakaa na wanangu, wanawe wa marehemu, tunachambua kilichopo: mchele, mchicha, siku nyengine ni vitambaa tu vya kupanga. Tunasoma dua ya Nabii Yunus. Mkubwa anaisoma haraka ili amalize arudi kwenye simu yake, na sijamgombeza. Mdogo ana maswali. Juzi alitaka kujua Nabii Yunus alikuwa anakula nini tumboni mwa samaki, na kama baba anasikia tukisoma. La kwanza nilimwambia tutamuuliza ustadhi wake chuoni. La pili nilimwambia tumuombee, tukasoma Fatiha. Skuli zikifungwa nawapeleka wote wawili kwa shangazi. Ameshaniambia mikono bado haitoshi.