Mgambo ukimuuliza anataka mafunzo gani atakwambia bunduki

Juzi napekua begi la zamani nikakuta kaunta buku niliyozunguka nayo kata kwa kata mwanzoni mwa 2024, imelowa kona moja ila inasomeka. Kipindi kile mshauri wa mgambo, yaani ofisa wa jeshi anayesimamia mgambo wa wilaya niliyokuwa naishi, alikuwa anapanga mafunzo rejea ya mgambo, hilo jeshi la akiba, bajeti ya wiki mbili tu, akaniita mi ambaye nilipita mgambo nikabaki nasaidiasaidia wakufunzi, akasema kijana nenda kaangalie hawa watu wamepwaya wapi, usije ukaniletea stori, niletee kitu cha kufanyia kazi.

Nikaenda na fomu. Kosa la kwanza hilo. Fomu inauliza unahitaji mafunzo gani, na kila niliyempa kalamu akaandika shabaha. Shabaha, shabaha, kwata, shabaha, mmoja akaandika "silaha kubwa" sijui anataka kumpiga nani. Siwalaumu, ile siku ya renji, uwanja wa kulenga shabaha, ndo siku pekee mgambo anajisikia askari kamili, na wengine wanawaza mbele, makampuni ya ulinzi yanapenda mtu aliyepita mgambo na anayejua kushika silaha. Lakini ukikusanya majibu yale ukayapeleka kama yalivyo umepeleka matamanio ya watu, hujapeleka upungufu wao.

Basi fomu nikaiweka pembeni nikaanza kutoka nao doria.

Usiku wa pili tuko karibu na stendi, kama saa saba hivi, bodaboda kamgonga mtu anavuka, mguu umechanika vibaya damu inaruka. Kiongozi wa seksheni, kile kikundi kidogo cha doria, ni mzee mmoja ambaye bunduki ya SMG anaifungua na kuifunga macho kafumba, nimemuona kwa macho yangu, na sauti anayo, akapiga "rudini nyuma wote!" watu wakarudi kweli. Halafu basi. Akasimama. Wenzake nao wamesimama, mduara mzuri kabisa na katikati mtu anavuja damu. Aliyeingia ni binti mmoja mdogo kuliko wote, akavuta kanga ya mama muuza chai, akaikunja akakandamiza pale kwa mikono miwili na uzito wake wote, hakuachia mpaka ikapatikana bajaji ya kumpeleka kituo cha afya. Nikamuuliza baadaye we ulijifunzia depo, kwenye mafunzo ya mgambo? Akacheka, afande mi mchana nauza duka la dawa.

Sasa hapo ndo nilipoanza kuelewa kazi niliyotumwa. Huduma ya kwanza wote walifundishwa, imo kwenye yale mafunzo ya miezi kama minne pamoja na ramani na ujanja wa porini, ila kitu usichokishika kwa mikono miaka sita kinayeyuka. Mwanajeshi wa kambini kila siku yuko kazini, huyu wa akiba asubuhi ana jembe, jioni ana pikipiki, jeshi linamkumbuka siku ya mbio za mwenge.

Kingine, nilikuwa nimeambiwa seksheni moja "hawajui doria". Nikawahesabu, watu nane, tochi tatu, na moja kati ya hizo ni ya simu iliyobaki chaji asilimia nne. Wawili wamevaa yeboyebo. Huyo hata ukimrudisha depo mwaka mzima, giza ni lilelile.

Na kitabu cha matukio sasa. Nilikisoma chote cha miezi miwili, kila siku "usiku shwari", mwandiko safi kabisa, mpaka usiku ule mashine ya kusaga iliungua na kata nzima iliamka kubeba ndoo, nao umeandikwa shwari. Nikadhani jamaa hajui kuandika ripoti. Anajua vizuri tu. Kumbe kuna siku aliandika ukweli akaitwa mahakamani kutoa ushahidi mara nne kwa nauli yake mwenyewe, tangu hapo kwake dunia ni shwari.

Nyuma ya daftari nikaanza orodha nyingine ambayo hakuna aliyeniagiza, nani anajua nini kutoka raiani. Mchomeleaji, dereva wa fuso, wavuvi wawili, huyo binti wa dawa, fundi umeme. Ilikuwa ni mwezi na kitu tu tangu yale matope na mawe ya Mlima Hanang yashuke Katesh, Desemba 2023, na mi kila nikiangalia mlima wa kwetu nawaza nani atachimba, nani ataendesha gari. Wazee wa vita ya Kagera wanajua, 1978 na 1979 mgambo kama 40,000 waliingizwa jeshini, watu walitoka mashambani, sio makambini.

Mshauri alisoma ripoti yangu yote, kurasa tatu za mkono, akanyamaza kidogo, akauliza na shabaha je? Nikamwambia afande iweke siku ya mwisho, ukiiondoa hawaji. Akakubali. Huduma ya kwanza na uokoaji ikapewa siku nne, akaja nesi wa zahanati kufundisha, yule binti akawa msaidizi wake, ukamataji salama siku mbili, na yote yakasogezwa mpaka palizi iishe maana bila hivyo tungefundisha viti.

Asubuhi ya kwanza tumepanga mistari, hata majina hayajaitwa, yule mzee wa seksheni kanyoosha mkono, "afande, renji ni lini?"

Ijumaa ya mwisho mzee. Tochi ziliombwa ishirini, mpaka nahama wilaya ile zilikuwa hazijafika.