Nusu kilo

Juzi mpwa wangu yule wa chuo kanitumia meseji, eti anko nimetoa vesheni ya tatu ya programu yangu wiki hii, nyie maofisini mbona apdeti moja mnaizalia mwaka? Akanitajia na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyeachia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, Septemba 1991 ikiwa haijaiva hata kidogo, vesheni 1.0 ikaja Machi 1994, watu wanaitumia tu. Na Windows je, nikajisemea, XP ni Oktoba 2001 halafu iliyofuata, Vista, madukani Januari 2007, hapo dogo ana pointi.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Chuoni nilikuwa naandika programu usiku, asubuhi nawatumia wenzangu wanne, ikigoma tunacheka. Nikaja kuajiriwa hapa Mwanza, tunahudumia mfumo wa mizani wa kiwanda cha samaki, nikakuta kubadili mstari mmoja ni fomu, saini tatu, majaribio wiki mbili, mhasibu naye apitie. Nikachoka. Ijumaa moja jioni risiti zikawa zinanikera zile desimali, nikazikata, nikapandisha kwenye seva kimya kimya, nikaenda zangu Kirumba kula sato.

Jumatatu alfajiri naitwa kiwandani. Gari za barafu zimepanga foleni, maji yanachuruzika chini ya bodi, na mzee mmoja wakala wa sangara kakaa juu ya kreti lililogeuzwa. Shikamoo mzee. Marahaba. Hakufoka, afadhali angefoka. Akatoa daftari la shule mfuko wa shati, limelowa pembeni, magamba yamenata kwenye jalada, akalifungua taratibu kwa kidole gumba. Kreti 22, kila moja kaandika kwa penseli, 37.5, 41.8, 36.9, halafu akaweka risiti yangu kando yake: 37, 41, 36. Akawa anashuka nazo moja moja, kidole huku, kidole kule, mpaka ya mwisho, mimi nimesimama tu. "Kijana, hii mashine yako inakula samaki wabichi?"

Kilo kumi na ushee, safari moja, mtu mmoja. Wengine hawakuwa na daftari.

Nikamwambia bosi narekebisha sasa hivi, dakika moja tu. Akaniangalia, akasema hapana, hiyo nayo ipite njia yake. Fomu, saini, majaribio. Siku 19! Muda wote huo karani anajazia desimali kwa kalamu kwenye kila risiti, na mzee anakuja, anahakiki, ananisalimia vizuri kabisa. Mpaka leo sijui kati ya ile dakika moja na zile siku 19 kipi kiliniuma zaidi.

Nilikuwa bado naandika haya meseji nyingine ikaingia: "Anko vesheni ya nne hiyoo, ya tatu ilikuwa inafuta data za watu wawili hahaha." Nikamuuliza, hao wawili umewaambia?

Tiki za bluu zimetokea. Jibu bado.