Ujiji kwanza, kisha kijiji cha babu

Ukija Kigoma kutafuta kijiji cha babu yako, anzia Ujiji: daladala za huko zipo kutwa nzima mjini Kigoma. Kwenye mnara walipokutana wasafiri wa Kizungu Stanley na Livingstone mwaka 1871 utashangaa Ziwa Tanganyika liko mbali: ufuko umesogea tangu wakati ule. Nusu saa inatosha.

Vijiji vya kaskazini, mpaka Mwamgongo, panda boti Kibirizi, ufukweni kaskazini kidogo ya mji. Huondoka mchana zikishajaa. Jumapili usitegemee usafiri. Funga mizigo kwa nailoni, dai boya kabla ya kupanda. Kiangazi upepo wa kusi huchafua ziwa.

Kijijini anza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usiulizie nyumba ya babu: operesheni vijiji ya miaka ya 1970, ya kukusanya watu katika vijiji vya ujamaa, ilihamisha kaya nyingi. Wape wazee shikamoo, taja ukoo, kisha uliza mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, yako wapi. Makaburi mara nyingi yalibaki huko.