Barua za Ami

Nyumba ya wageni ya Ami ilikuwa na vyumba tisa, kule Malindi, si mbali na bandari ya Unguja. Nilianza kukaa mapokezi mwaka 2012. Barua pepe ilikuwa moja na paswedi moja (nywila, wangesema walimu wetu), imeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda: karafuu, kisha mwaka. Tulioijua tulikuwa wanne. Ami mwenyewe, mimi, mlinzi wa usiku aliyepokea wageni waliochelewa, na mpwa wa Ami aliyekuwa Muscat, ndiye aliyetutengenezea tovuti. Barua ikipotea, hakuna aliyeifuta. Mara moja mgeni alijibiwa kwamba tumejaa, na vyumba sita vitupu. Mpaka leo sijui nani kati yetu aliandika.

Mwaka 2014 mama aliugua, nikaenda Pemba kwa miezi miwili. Ami hakutaka nifungue barua zake kwenye mkahawa wa intaneti pale Chake Chake. "Zile kompyuta hujui nani kakaa kabla yako," alisema, na alisema kweli. Basi nikajiona mjanja. Kabla ya kupanda boti niliingia kwenye mipangilio, nikaamuru kila barua inayoingia ipelekwe nakala kwenye anwani yangu. Gmail ikanitumia tarakimu za kuthibitisha, nikazinakili, kwisha. Pemba nilisoma kwenye simu yangu bila kuandika paswedi popote. Kujibu kwa jina la nyumba sikuweza. Nilimpigia mlinzi nikamtajia la kuandika. Lakini nilijipa moyo kwamba hata simu ikiibiwa, mwizi ataambulia nakala tu, sanduku lenyewe halishiki.

Wiki ya mwanzo kulikuwa na utepe juu ya ukurasa, unaeleza kwamba barua zinapelekwa kwingine. Mlinzi aliuona kila usiku. Alidhani tangazo la biashara.

Nikarudi, nikasahau. Mwanzoni mwa 2015 nilipata kazi nyingine, nikaaga. Siku ya mwisho Ami alibadili paswedi nikiwa pale pale. "Geukia ukutani, mwanangu, wala usinielewe vibaya." Nikageuka, nikamsikia anabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja.

Usiku ule ule, mkono bado uko kwenye sahani, simu ikalia. Picha ya pasipoti ya mama mmoja wa Kijerumani, pamoja na saa ya ndege yake. Kumbe kubadili paswedi humfungia mlango anayetaka kuingia. Agizo langu halikuwa na haja ya kuingia, lilikuwa ndani siku zote.

Nilikaa kimya wiki tatu. Sikuwa na nia ya wizi, ulikuwa umbea tu: nilitaka kujua kama wageni watapungua bila mimi. Hawakupungua.

Nilipompigia, Ami alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. "Kwa hivyo barua zangu unanisomea." Nikaenda mwenyewe. Nilimwonyesha ule ukurasa, akazima kwa mkono wake. Kisha akataka nifute nakala zote kwenye simu yangu huku anatazama, miwani kwenye ncha ya pua, pasipoti moja baada ya nyingine. Nilipomaliza akauliza, "Na jaa lake je?" Nikafungua kapu la takataka, nalo nikalimwaga.

Nikamshauri aweke uthibitisho wa hatua mbili, tarakimu ziwe zinakuja kwenye simu yake mtu akiingia kwenye kompyuta mpya.

"Mpwa wangu aniamshe saa nane za usiku kwa ajili ya tarakimu?"

Akaenda kuagiza kahawa. Kalenda mpya ilikuwa ukutani. Nikainua ukurasa. Nyuma, kwa kalamu ya risasi: karafuu, kisha 2015. Pembeni ameandika "Muscat", na alama ya vema.