Kibahasha cha 1x1

Mama alipohamia kwangu Kariakoo mwaka 2019, akitokea Lindi, kitu cha kwanza alichoulizia ni uwani. Uwani upo wapi? Nilikuwa na ghorofa ya nne, lifti mbovu, na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Ngazi zilimshinda, akawa hatoki.

Mwaka ulipopita, nyonga zikaanza kumuuma, mapaja yakamlegea kila akiinuka kwenye mkeka. Tukapima. Vitamini D ilikuwa nanogramu 11 kwa mililita; daktari akasema chini ya 20 ni upungufu. Nilicheka, Mungu anisamehe. Dar hii hii, ambayo saa saba mchana lami inanata kwenye kandambili?

"Joto si jua, dada. Jua lazima liguse ngozi, na la kupitia kioo cha dirisha halisaidii." Akamwandikia vidonge vya yuniti 50,000, kimoja kwa wiki, wiki nane. Akilieleza hilo, mimi nilikuwa naongea na simu.

Duka la dawa wakatutilia kwenye kibahasha cha kaki, juu wameandika kwa kalamu ya bluu: 1x1. Nani hajui kuusoma mwandiko huo? Kila asubuhi kimoja, na chai na chapati.

Siku ya tisa nikaenda kuongeza vingine. Binti wa dukani akakitazama cheti, akanitazama mimi. "Hivi ni vya miezi miwili, dada. Vya kwanza viko wapi?"

Miguu iliniisha nguvu. Tukarudi mbio hospitali, damu ikapimwa kalsiamu na figo. Vitamini hii, daktari alieleza, hukaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki upesi na mkojo kama vitamini C. Ikizidi sana hupandisha kalsiamu, na figo ndizo huumia. Majibu yakatoka salama.

Kwa aibu yangu nikajitia kuuliza kama angalau vimemkinga na saratani na moyo. Hapana, akasema: Marekani waliwapa watu yuniti 2,000 kila siku katika utafiti wa watu zaidi ya 25,000, na havikupunguza. "Mama yako ninamtibu upungufu, basi."

Mama alikuwa anafunga ushungi. "Kumbe nimekula miezi miwili kwa siku nane. Na chapati."

Wiki ile tukampandisha juu ya paa, tukipumzika kila ngazi inapokata kona. Akakaa katikati ya kamba za nguo, khanga ameikunja juu ya magoti, akiwafukuza kunguru kwa kandambili.